Masta ya Ustawi wa Jamii: Nisome Wapi, Nisome Nini?

Barua za mwezi huu karibu zote zimekuja na jambo moja, watu wanataka kusoma masta ya ustawi wa jamii na hawajui waanzie wapi. Nimechukua tano, zile zinazofanana nimeziunganisha, majina nimeyaacha kama kawaida yetu. Fani hii ndo kazi yangu ya kila siku kwa hiyo kwenye barua ya kwanza nitakaa sana, mnivumilie, manake ndani yake kuna mambo ambayo wengi mmeyauliza kwa njia tofauti tofauti.

Shikamoo dada. Mimi ni mama wa watoto watatu, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, tulikuja Ohio nikiwa binti na sasa hivi ni raia. Nina digrii ya sosholojia, nafanya kazi ya keisi kwenye shirika linalopokea wakimbizi hapa Columbus. Nimekubaliwa MSW, yaani hiyo masta ya ustawi wa jamii, vyuo viwili. Kimoja kina jina kubwa, kipo jimbo lingine, masomo yote ni onlaini na ada yote inapita dola laki moja. Kingine ni cha serikali hapa mjini, ada haifiki nusu ya hiyo, ila lazima niende darasani jioni mara mbili kwa wiki. Bosi wangu anasema jina la chuo ndo linafungua milango, mume wangu yeye anachosema ni nisiache kazi tu. Nichague kipi?

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana, kukubaliwa vyuo viwili una watoto watatu na kazi ya kutwa sio kitu kidogo. Nianze na jibu alafu nieleze: chukua hicho cha serikali, mradi vitu viwili vikae sawa, kiwe na ithibati ya CSWE na wewe uwe umeshajua fildi, yaani mafunzo ya vitendo, utafanyia wapi kabla hujalipa hata senti.

CSWE ni Council on Social Work Education, baraza lililoanzishwa mwaka 1952, hao ndo wanaotoa ithibati ya digrii na masta za fani yetu Marekani nzima. Masta isiyo na ithibati yao bodi za leseni za majimbo haziitaki, hata chuo kiwe na majengo mazuri kiasi gani. Orodha ipo wazi kwenye tovuti yao, ingia mwenyewe uitafute programu yako, usiishie kwenye brosha, na uangalie vizuri ni masta ndo imeandikwa, manake kuna vyuo digrii yao ya kwanza ina ithibati ila masta bado wanaifuatilia. Sasa ambacho bosi wako hajakuambia ni kwamba ithibati ikishatoka basi imetoka, chuo chenye jina na chuo kisicho na jina wanafuata vigezo vile vile, wote lazima wakupe masaa yasiyopungua 900 ya fildi, na jimbo likidai mtihani wa leseni wote mnafanya ule ule wa ASWB, umoja wa bodi za leseni. Fomu ya leseni haiulizi chuo chako kinajulikana na nani.

Simkatalii bosi wako moja kwa moja. Jina linasaidia kama unataka kuja kufundisha chuo kikuu au unalenga ofisi za sera kule Washington, huko watu wanaangalia umesoma na nani. Ila hospitali, shule, kliniki ya afya ya akili, idara ya watoto ya kaunti, hao swali lao la kwanza ni una leseni gani na unaweza kuanza lini.

Alafu tuongee hela, na hapa naomba mkae na mumeo muiangalie pamoja. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imefunga mikopo ya Grad PLUS, ile ya ziada ya serikali kuu kwa watu wa masta na udaktari, kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026, na mkopo wa kawaida wa serikali kuu kwa mtu wa masta umewekewa kikomo, dola 20,500 kwa mwaka. Kwa miaka miwili hiyo ni 41,000. Ada inapita laki moja, sasa hiyo tofauti utaitoa wapi kama sio benki, na mkopo wa benki hauna huruma wala hauna ule msamaha wa PSLF ambao ukifanya kazi serikalini au kwenye shirika lisilo la faida na ukalipa malipo 120 yanayokubalika deni lililobaki la serikali kuu linafutwa. Takwimu za serikali za Mei 2023 zilionyesha mshahara wa kati wa watu wa kazi yetu ni dola 58,380 kwa mwaka, hapo kodi haijakatwa. Kubeba deni la laki kwa mshahara huo ukiwa na watoto watatu mimi siwezi kukuambia ufanye, nakupenda mno siwezi kukuambia hivo. Na kabla hujasaini mkopo wowote uliza chuo cha serikali kama wana nafasi za Title IV-E, hizo ni pesa za serikali kuu kwa ajili ya watu watakaofanya kazi ya ulinzi wa watoto, wanakulipia sehemu ya masomo na wewe unaahidi kuwafanyia kazi kwa muda fulani ukimaliza.

Sasa fildi, ambayo ndo moyo wa masta hii na ndo inayowashinda watu wengi hasa wenye familia. Piga hesabu, masaa 900 ukifanya masaa 16 kwa wiki ni wiki 56, yaani siku mbili nzima kila wiki kwa miaka miwili ya masomo, na sehemu nyingi zinataka uje mchana siku za kazi, wanaopokea wanafunzi jioni na wikendi ni wachache mno. Kwa hiyo kauli ya mumeo kwamba usiache kazi ina uzito kuliko mnavyofikiria, sio suala la ada peke yake ni suala la siku. Miaka yako ya keisi hapo kwenye shirika haitapunguza hata kozi moja, vigezo vya CSWE vinakataza kabisa kutoa krediti kwa uzoefu wa kazi au wa maisha, hata kama umefanya kazi miaka ishirini. Inaumiza lakini ndo ilivyo, na chuo kikikuahidi kitafuta kozi kwa sababu ya uzoefu wako basi hicho kitilie shaka. Na sosholojia nayo sio digrii ya ustawi wa jamii kwa hiyo ile njia ya mkato ya mwaka mmoja haikuhusu, wewe ni miaka miwili ukisoma muda wote, au mitatu minne ukisoma kidogo kidogo.

Kinachowezekana ni kufanyia fildi hapo hapo kazini kwako. Vigezo vya sasa vya mwaka 2022 vinaruhusu, na vinaruhusu ulipwe mshahara wako huku unahesabiwa masaa, mradi kazi unazofanya ziwe zinaendana na unachojifunza. Sharti lingine ni supavaiza wa fildi awe na MSW yenye ithibati na awe ameshafanya kazi miaka miwili baada ya kuipata. Kama shirika lenu halina mtu wa hivo usikate tamaa, chuo kinaweza kukuwekea mtu wake wa nje akufuatilie. Hapa ndo utaona tofauti ya vyuo vyako viwili. Piga simu ofisi ya fildi, sio ofisi ya udahili, waulize nani anatafuta nafasi, wao au mimi? Columbus mna mikataba na sehemu gani? Mwaka jana kuna mwanafunzi aliyechelewa kumaliza kwa kukosa nafasi? Mwanafunzi anayefanya kazi kutwa mnamsaidiaje? Chuo cha mjini kina watu wanaofahamiana na hospitali na shule za hapo miaka nenda rudi. Kuna programu za onlaini zinazofanya kazi hiyo vizuri sana, siwapondi wote, ila zipo pia zinazokutumia fomu na kukuambia utafute mwenyewe, na ukikosa muhula unapita na ada inaendelea.

Kitu kingine nakuomba ukiwaze. Kazi ya kupokea wakimbizi imeyumba, Januari 2025 serikali ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi na mashirika mengi yakapunguza watu, nadhani wewe mwenyewe uliona ofisini kwenu. Kwa hiyo mwaka wa pili ukifika, pale mnapochagua mkondo, mimi ningechukua wa klinikali kuliko ule wa sera na uongozi wa mashirika. Sio kwamba ule mwingine haufai, tunawahitaji sana watu wa kutetea sera. Ila klinikali inakupeleka kwenye leseni ya LSW, ile ya kuanzia, na ukishafanya kazi chini ya usimamizi masaa 3,000 kwa muda usiopungua miaka miwili unaomba LISW, leseni ya kujitegemea, na ukiwa na hiyo unaweza kumpima mtu na kumtibu magonjwa ya akili bila kusimamiwa, hospitalini au kwenye ofisi yako mwenyewe. Upepo wa siasa ukigeuka unahama kwenda sehemu nyingine na leseni yako.

Na sababu kubwa zaidi ya hela ni hii. Kuna mama zetu wanakaa kliniki wanaulizwa mambo ya usiku ule walipokimbia, na anayetafsiri ni mtoto wake mwenyewe wa darasa la sita. Sheria ya serikali kuu inakataza hospitali zinazopokea pesa zake kumtumia mtoto kutafsiri isipokuwa dharura, lakini inatokea, na yule mama anasema anaumwa kichwa basi, kwa sababu atamwambiaje mwanae lile jingine? Wewe utamuelewa kabla hajamaliza sentensi. Nyarugusu unaijua, mgao unaujua, unajua mtu akisema "nawaza sana" anamaanisha nini. Mtu wa namna yako akiwa na leseni mkononi mji mzima wa Columbus unafaidika, ndo maana sitaki deni likulazimishe uende ukafanye kazi nyingine ya kulipa benki.

Habari za kazi dada. Mimi ni afisa ustawi wa jamii kwenye halmashauri moja kanda ya ziwa, digrii yangu ya ustawi wa jamii nimeichukua Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama. Keisi za watoto, matunzo, migogoro ya ndoa, wazee, zote zinaishia mezani kwangu. Nataka kusoma masta. Wenzangu wanasema nisome utawala au usimamizi wa miradi ndo kuna hela, wengine wanasema nitafute skolashipu nje. Nipo njia panda.

Nzuri kaka, na pole kwa majukumu, hiyo meza naifahamu. Kwanza kabla ya chuo nenda kwa afisa utumishi wako muangalie muundo wa utumishi wa kada yako unatambua masta ipi, kwa sababu nimeona watu wamejilipia ada yote wakarudi na cheti ambacho hakiwabadilishii kitu kwenye daraja. Uliza pia kama jina lako linaweza kuingia kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, maana ruhusa ya masomo huwezi kuipata kwa kuaga tu Ijumaa jioni.

Sasa kuhusu miradi. Kama kweli umeamua kuachana na keisi na unataka kuendesha mashirika, soma miradi kwa amani kabisa. Ila soma tena barua yako, umeandika sentensi nzima kuhusu keisi na ya miradi umewataja wenzako tu. Mimi nasoma mtu aliyechoka, sio mtu aliyeichoka fani. Kuchoka dawa yake ni supavisheni na wenzako wa kugawana nao mzigo, masta ya miradi haitaiondoa. Na masta ya ustawi wa jamii itakupa kitu ambacho digrii ya kwanza haikupi vizuri, namna ya kumsimamia afisa mwenzako kwenye keisi ngumu, na namna ya kuandika sera kutokana na mafaili yanayorundikana.

Kwa hapo nyumbani Kijitonyama unapajua, Taasisi ya Ustawi wa Jamii ina mizizi kwenye sheria ya mwaka 1973 na masta ipo. Wewe uliyeko mkoani na familia ningekuambia uangalie pia Chuo Kikuu Huria, kilianzishwa 1992 kwa ajili ya watu wa aina yako haswa, kina vituo mikoani na unasoma ukiwa kazini, japo kinataka nidhamu maana hakuna wa kukuamsha. Jambo dogo linalochanganya watu, Taasisi iko chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na masta yake inaitwa NTA ngazi ya 9, Huria iko chini ya TCU, tume ya vyuo vikuu, zote ni masta halali, hakikisha tu programu na mwaka unaoingia vimo kwenye orodha ya msimamizi wake. GPA vyuo vingi wanaanzia 2.7. Na tasnifu usiitafutie mada mbali, chukua kitu kilichokukosesha usingizi, mfano watoto waliokinzana na sheria na namna Sheria ya Mtoto ya 2009 inavyotekelezwa wilayani kwako, mafaili unayo, mahakama unaifahamu, wenyeviti wa mitaa wanakujua. Omba tu kibali cha utafiti na ufiche majina ya watoto, hilo halina mjadala.

Nje nako usikufute. Kwa Marekani wewe una kitu ambacho dada wa Columbus hana, digrii yenyewe ya ustawi wa jamii. CSWE wana huduma inaitwa ISWDRES wanapima digrii za nje, wakiona inalingana na zao unaweza kuomba ile njia fupi, na masta ikawa kama mwaka mmoja badala ya miwili. Haitolewi hivi hivi, wanaangalia kozi na fildi yako, kwa hiyo anza leo kukusanya transkripti, maelezo ya kozi na barua za fildi, mambo hayo kuyatafuta ukiwa Chicago ni mateso. Nimeitaja Chicago kwa makusudi, chuo cha Jane Addams kule University of Illinois kilishirikiana na Kijitonyama miaka ya 2000 kufundisha wasaidizi wa ustawi wa jamii vijijini, wale waliokuwa wanashughulika na watoto yatima na walio kwenye mazingira magumu, kwa hiyo Kijitonyama kule sio jina geni. Jane Addams mwenyewe ndo yule aliyefungua Hull House mwaka 1889, nyumba katikati ya mtaa wa wahamiaji, na kazi yetu kwa kiasi kikubwa imetokea kwenye nyumba za namna ile. Ukirudi na masta ya nje ipeleke TCU wakaitambue rasmi ndo uipeleke kwa mwajiri.

Dadangu, salaam kutoka Mombasa. Binti yangu amepata admishen ya MSW huko Marekani, miaka miwili, I-20, ile fomu ya chuo ya kuombea viza, ishatoka. Twataka kuuza kiwanja chetu cha Mtwapa tumlipie. Yeye asema akimaliza atapata leseni na kazi huko huko na atatulipa. Yafaa?

Shikamoo mzee wangu, na hongera kwa binti. Naomba kiwanja kisiuzwe bado, nipe nafasi nikueleze kwa nini.

Leseni ya klinikali, ile yenye mshahara mzuri na uhuru wa kufanya kazi mwenyewe, majimbo mengi inadai kama miaka miwili ya kazi chini ya usimamizi baada ya kumaliza masta. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1, ile ya masomo, akimaliza anaruhusiwa kufanya kazi miezi 12 kwa kibali kinachoitwa OPT. Wenzake wa kompyuta na uhandisi wanaongezewa miezi 24, ustawi wa jamii haumo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo miezi 12 inaisha na yeye yupo nusu ya masaa, na kuanzia hapo lazima apate mwajiri wa kumuombea viza ya kazi, na hilo haliko mikononi mwake wala mwa chuo. Wapo wanaopata, hasa hospitali zilizo chini ya vyuo vikuu, ila mzee asiuze ardhi kwa kutegemea hilo.

Binti aulize mambo haya kabla ya kulipa chochote. Mikopo ya serikali kuu hatapata kwa F-1, hivyo je idara inatoa nafasi za kumsaidia profesa kufundisha au utafiti zikapunguza ada? Fildi ya masaa 900 inahitaji kibali cha CPT, cha mafunzo ya kazi wakati wa masomo, kiandikwe kwenye I-20 kabla hajaanza siku ya kwanza, akianza bila hicho amevunja masharti ya viza hata kama halipwi. Na CPT ya kutwa nzima ikifika miezi 12 inamfutia OPT yote, basi afanye ile ya nusu siku. Programu isiwe ya onlaini, viza hairuhusu.

Na mzee, muulizeni kwa upole, yeye moyoni ataka kuishi wapi? Kama ni kurudi kufanya kazi na watoto wa Pwani, University of Nairobi wana idara ya sosholojia na ustawi wa jamii na gharama haifanani hata kidogo, na hapo afuate programu inayotambuliwa na CUE, tume ya vyuo vikuu ya Kenya. Kama ni Marekani kwa vyovyote, basi atafute kwanza ufadhili, admishen anaweza kuomba isogezwe mbele mwaka mmoja, vyuo vingi vinakubali mtu akiomba mapema. Kiwanja Mtwapa bei yake haishuki.

Dada mimi niko Rockford, Illinois, nina miaka 47, nimefanya kazi ya kutunza wazee miaka mingi na nimemaliza digrii mwaka jana usiku usiku baada ya shifti. Natamani MSW lakini Kiingereza changu cha kuandika ni cha kuunga unga na nimesikia mtihani wa leseni unawafelisha watu weusi. Nijitoe tu?

Usijitoe! Ulichosikia kina ukweli na sitakuficha. ASWB walitoa takwimu zao mwaka 2022 na kila mtu kwenye fani alishtuka, kwenye mtihani wa klinikali kwa miaka 2018 hadi 2021 watu weupe waliofaulu mara ya kwanza walikuwa karibu 84 kwa mia, weusi 45, na wale ambao Kiingereza sio lugha yao ya kwanza nao walikuwa nyuma. Watu wengi tu, na mimi nikiwemo, tunaona hapo kasoro iko kwenye mtihani, haiko kwenye vichwa vya watu. Ila angalia wewe unaishi wapi. Illinois tangu 2022 imeondoa mtihani kwenye leseni ya LSW, ukiwa na MSW yenye ithibati unaomba leseni bila kuufanya, unaingia kazini kabisa kama mtu wa masta. Mtihani utakutana nao baadae ukitaka LCSW, leseni ya klinikali, na wakati huo utakuwa umeshafanya kazi miaka kadhaa na lugha ya kazi imekukaa mdomoni. Baadhi ya majimbo yanakubali pia mtu wa lugha ya pili aombe muda wa ziada au kamusi, uliza mapema maana kibali kinaombwa kabla ya kupanga tarehe.

Kuhusu kuandika, chagua chuo kwa kigezo hicho hicho. Uliza wana kituo cha uandishi kinachokaa na mtu ana kwa ana, uliza madarasa yana watu wangapi, uliza kama unaweza kusoma kidogo kidogo kwa miaka mitatu au minne. Siku hizi vyuo vingi havitaki tena ule mtihani wa GRE, hilo ni afueni. Na kwenye ile insha ya kuomba nafasi andika habari za wazee uliowatunza, mzee aliyekataa kula mpaka ulipogundua ni mfungo wake, familia zinazogombana kitandani kwa mgonjwa. Watu wa udahili wanasoma insha mia zinazosema "napenda kusaidia watu", yako itakuwa na watu wenyewe. Mkondo wa wazee na huduma za hospisi, kuwatunza watu walio mwisho wa maisha, unalilia watu kama wewe. Miaka 47 darasani MSW utawakuta wenzako, amini nakuambia, na kwenye fildi familia zinamuamini haraka mtu mzima.

Nina MSW tayari na leseni, nataka udaktari wa fani hii. PhD au DSW, ile ya vitendo?

Kifupi: kama unataka kufanya utafiti na kufundisha chuo kikuu kwa ajira ya kudumu ni PhD, miaka minne mitano au zaidi, na nzuri zinakulipia ada na kukupa posho, kwa hiyo PhD ya kujilipia mwenyewe fikiria mara mbili. DSW ni ya mtu anayetaka kubaki kwenye kazi na kupanda kwenye uongozi wa kliniki au kufundisha upande wa vitendo, mara nyingi ni miaka miwili mitatu, onlaini, na wengi wanajilipia. Kama mwajiri wako hakuongezi mshahara wala cheo kwa sababu ya DSW, muulize kwanza kama atachangia ada, mashirika mengi yana fungu la masomo ambalo linaisha mwaka bila mtu kuliomba.